Kichupa Chenye Jina la Kaka Wilondja

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu katika jina la Yesu, kisha nakusalimu tena kwa jina langu mwenyewe, maana salamu ya kwanza ni ya kanisa na hii ya pili ni ya mtoto uliyembeba mgongoni kutoka shamba hadi ziwani. Goti linaendeleaje? Unalikanda bado na mawese ya moto, au siku hizi unamsikiliza muganga wa kituo? Muhogo wa kule mlimani umetoka vizuri, au ngedere walikutangulia tena? Kaka aliniambia maji ya ziwa yamerudi nyuma kidogo, kwamba mtu anapita tena chini ya nyumba ya baba mudogo bila kukunja suruali. Habari hiyo ilinifurahisha siku nzima, utadhani ni mimi niliyekuwa nimelowa.

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi. Baridi iko, lakini si kama mwaka ule wa kwanza nilipovaa soksi mbili hata kitandani. Mwili umezoea, roho ndiyo bado. Juzi nilipita kwenye duka la Mwafrika mmoja hapa, nikakuta ndagala wakavu ndani ya plastiki. Nilinunua, nikashindwa kungoja kufika nyumbani, nikafungua pale pale barabarani nikanusa. Mzungu mmoja aliyekuwa anakuja mbele yangu akavuka upande wa pili. Nilisimama pale machozi yananitoka, na harufu ile mkononi, nakuona wewe unageuza ndagala kwenye mchanga na kitambaa chako cha kichwa kimeteleza upande mmoja. Nimekukumbuka, mama. Naliandika wazi kwa sababu kwenye simu nikilisema unacheka na kuniambia niache mambo ya kitoto.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu iko. Simu ni ya kaka, na wewe unajua vile sauti ya simu inavyosikilizwa kwetu: inasikilizwa na kaka, na baba mudogo, na majirani wawili, na mbuzi. Maneno haya ni yako peke yako. Mama mchungaji amekuja huku kumwona binti yake na sasa anarudi kupitia Bujumbura na Uvira, nimemwomba akukabidhi mkononi. Chukua miwani ya baba, ingia chumbani, usome polepole kama unavyosoma Zaburi. Usimpe mtu akusomee. Ukimaliza, fanya nayo unavyotaka, jiko liko.

Nianze na kazi yangu, kwa sababu neno langu limetoka huko. Najua mtu akiuliza Mauwa anafanya nini Bulaya, mnamjibu anasomea udaktari. Tuache kudanganya watu wa kanisa, mama. Mimi nachunga samaki. Baba alimaliza maisha yake akiwatoa samaki majini, na binti yake akapanda ndege mbili ili aje kuwabadilishia maji kila asubuhi. Angekuwa hai angecheka hadi akohoe.

Labo yetu ya utafiti ni chumba kirefu chenye joto, namshukuru Mungu, maana samaki hawa hawaiwezi baridi kama mimi. Wengi ni wadogo wenye mistari, urefu wa kidole cha mwisho, asili yao mito ya India. Lakini kwenye kona kuna beseni mbili za vioo zenye samaki wa ziwa letu. Wa kwetu kabisa, wale wa kwenye mawe, tuliokuwa tunawaona maji yakitulia. Mmoja wao ni yule anayebeba watoto wake mdomoni, siku nyingi, hali kitu, mdomo umejaa watoto tu. Asubuhi nikiingia nawauliza kwa Kiswahili kama wameamka salama. Siku moja profesa wetu, mama mmoja wa mvi asiyecheka ovyo, alinikuta nikifanya hivyo. Akauliza kama huwa wanajibu. Nikamwambia watu wa kwetu Fizi hawamjibu mtu aliyekuja mikono mitupu. Hakucheka, lakini siku iliyofuata nilimwona amesimama pale na chakula chao mkononi.

Kazi yenyewe ni hii. Ndani ya kila kiumbe Mungu ameweka maandishi marefu, madogo sana, yanayosema jicho lijengwe hivi, mfupa uwe hivi. Sisi tunatafuta ndani ya samaki ni sehemu gani ya maandishi hayo inayosema nini, na tunachora ramani yake. Halafu ramani ya samaki tunailaza kando ya ramani ya panya na ya mtu, tunalinganisha. Utasema mtu na samaki wapi na wapi. Mi pia nilisema hivyo. Lakini unakumbuka kambi, kule ng'ambo, tulipokimbia vita? Mama Riziki, jirani yetu wa Baraka, alijenga tena kando yetu. Nyuma yake akajenga yule fundi wa cherehani, na nyuma ya fundi wale wa kanisa la juu. Nyumba zilikuwa za turubai, kila kitu kilibadilika, lakini ujirani ulihama na watu. Ukimpata Mama Riziki ulijua fundi hayuko mbali. Maandishi haya ndivyo yalivyo. Toka samaki hadi panya hadi mtu yamehama, yamekatika, vipande vingine vimegeuzwa, lakini majirani wengi bado wako pamoja. Tukipata kwa samaki mahali palipoharibika, tunawatafuta majirani wale wale kwa mtu, na hapo katikati yao tunajua pa kuangalia.

Mimi nimepewa samaki wasioona. Tunawaweka ndani ya sahani ya kioo, tunazungusha kando yake mistari myeusi na myeupe. Anayeona anageuka na mistari. Asiyeona anatulia tu, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mwanzoni nilikuwa nawahurumia hadi profesa akaniambia nikihurumia kila mmoja sitamaliza kuhesabu. Na jambo kubwa nililojifunza kwa samaki hawa ni moja: wazazi wao wanaona. Wote wawili. Kila kiumbe hupokea maandishi yake mara mbili, nakala moja toka kwa mama, nyingine toka kwa baba. Nakala ya upande mmoja ikiwa na kosa, ile nyingine inafanya kazi, na mtu anaona vizuri maisha yake yote bila kujua kwamba amebeba kitu. Ugonjwa huu haumpati mtoto mpaka apokee kosa kutoka pande zote mbili. Pande zote mbili, mama. Tafadhali rudia kusoma hapo kabla hujaendelea.

Basi, kaka Wilondja aliponipigia kusema mwanawe Sifa anaanguka jua likizama, kwamba mchana anaokota ndagala mmoja mmoja kwenye mchanga lakini magharibi anagonga ukuta kando ya mlango uliofunguliwa, nilikaa chini. Mtoto ana miaka saba. Kaka alikuwa anacheka, anasema labda ni uzembe, na mimi nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili. Nilikwenda kwa profesa. Yeye akanipeleka kwa daktari mmoja wa hospitali hapa, anayeshughulika na magonjwa ya kurithi. Daktari akasema tuanze na mate ya mtoto na ya wazazi wake, na yangu pia, kwa kuwa mimi ni wa ukoo na niko karibu.

Ndipo nilipotuma vile vichupa vitatu kwa mkono wa mchungaji. Niliandika majina mwenyewe, herufi kubwa: Sifa, Feza, Wilondja. Nikakuomba wewe usimamie, kwa sababu kaka anasahau na mkewe Feza anaona haya. Mchungaji alinieleza vizuri sana, hata sikumuuliza. Feza alitema chake pale barazani, akamsaidia Sifa kutema chake hadi kwenye mstari. Cha kaka ulikichukua wewe, ukaingia nacho ndani ukisema utampa akirudi kazini. Kesho yake ulikitoa kimefungwa.

Vichupa vikiwa bado njiani, mkakaa kikao. Kikao hicho nilikipata vipande vipande, kimoja kwa baba mudogo, kimoja kwa shangazi, na kilichobaki kwa Feza mwenyewe baadaye. Najua ulisimama, ukataka Feza arudishwe kwao. Najua ulisema, "Kwetu hakuna kipofu hata mumoja. Hii macho ilitoka Ubwari, ilikuja na mutumbwi." Baba mudogo akaunga mkono kwa sababu yeye huunga mkono kila anayesema wa kwanza. Kaka aliangalia mikono yake. Feza aliomba kitu kimoja tu, mngoje jibu la vichupa, na mtu akamjibu kwamba Bulaya hawajui mambo ya watu weusi. Siku ya tatu akafunga nguo ndani ya kitenge, akamshika Sifa mkono, akashuka ziwani kupanda mtumbwi wa kwao Ubwari. Hakuna aliyemsindikiza. Kaka alikwenda kutengeneza moteri ya mtumbwi ambayo haikuwa imeharibika.

Nilikasirika, mama, nisikufiche. Zile wiki mbili nilizokaa bila kupiga simu, ukawaambia watu nina mitihani, hakukuwa na mtihani. Nilikuwa naogopa mdomo wangu. Nilimpigia Feza kwa simu ya kaka yake huko Ubwari, nikitegemea atakusema vibaya ili na mimi nipate nafasi ya kukusema. Hakukusema. Aliniambia tu, "Mi sina hasira na mama. Ila Sifa ananiuliza tulikosa nini."

Halafu majibu yakatoka. Daktari aliniita mchana, akafunga mlango, akanionyesha. Sifa ana kosa pande zote mbili. Feza ana upande mmoja. Kichupa chenye jina la kaka, upande mmoja. Nikainuka hapo hapo, natafuta simu, nataka niwapigie niwaambie mnaona sasa, nusu imetoka kwake na nusu imetoka kwetu. Daktari akaniomba nikae kwanza. Akasema kuna jambo haelewi. Kichupa kile kina jina la mwanaume, lakini mate yaliyomo ni ya mwanamke. Akauliza kwa adabu kama labda vilichanganywa. Si ya Feza, hilo aliliona mara moja. Akayaweka kando ya yale ya Sifa, yakalingana kama bibi na mjukuu. Kisha akayaweka kando ya yangu, na kila mahali alipoangalia, nusu yangu ilikuwa mle. Hakuna mahali paliporukwa. Akavua miwani, akaniuliza, "Mama yako yuko hai?"

Nilicheka kwanza. Nilikuona umekaa kitandani, mlango umefungwa, umeshika kile kichupa, unawaza. Wewe ndiye uliyetufundisha kufukia mate kwa mguu. Kucha tulizika, nywele ulizichoma mwenyewe. Na mimi leo nakuomba mate ya mwanao wa kiume wa pekee yavuke ziwa na bahari, yafike kwa watu usiowajua jina wala ukoo. Ukasema moyoni, kama huko kuna mulozi, anile mimi mzee, amuachie mutoto. Ukatema yako. Ukafunga. Ukatoka nje ukiwa na uso wa mtu asiye na habari, najua uso huo. Nilicheka, halafu nikaanza kulia, na daktari wa watu akahangaika kunitafutia maji.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kwa kichupa sikulaumu hata kidogo, mama, nakuapia. Kama ningekuwa na mtoto, na mtu akaniomba kitu chake nisichoelewa, labda na mimi ningefunga mlango. Lakini wewe ulifunga mlango ili umkinge kaka, na kitu chenyewe ulikuwa nacho wewe. Ulichomwambia Feza mbele ya watu kwamba amekileta, wewe unacho. Kaka naye anacho, lazima, kwa sababu Sifa amepokea pande zote mbili na upande wa baba yake haukuanguka kutoka mbinguni. Daktari aliniuliza kama nataka kujua na yangu. Nikasema ndiyo. Mi pia ninacho, mama.

Na kuna jambo jingine, nimelibeba siku nyingi nikifikiri namna ya kuliandika. Nilikueleza habari ya majirani. Daktari aliangalia majirani wa lile kosa kwa Feza na majirani wake kwako, na ni wale wale, safu ndefu, neno kwa neno. Akasema jambo kama hilo halitokei hivi hivi: watu hawa wawili wana bibi au babu mmoja, na si wa zamani sana. Nikamwambia haiwezekani, mama yangu ni wa Baraka. Kisha nikamkumbuka bibi yako, mama wa mama yako. Alitoka wapi yule? Wewe mwenyewe ulitusimulia tukichambua majani ya sombe: aliolewa Baraka akitoka Ubwari, akalia njia nzima ndani ya mtumbwi, hata ndugu wakataka kumrudisha. Na ulisema uzeeni hakutoka nje jua likishuka, mkamfungia kamba toka mlangoni hadi chooni ili aishike. Mlisema ni uzee. Labda ni uzee kweli, mi sijui, mate yake hatuna.

Kwa hiyo hukusema uongo kikaoni. Ilikuja na mtumbwi kutoka Ubwari. Ila mtumbwi huo ulikuwa wa bibi yako, na Feza ni damu yako. Kuna methali ya nyani ambayo ingefaa hapa, lakini wewe ni mama yangu, sitaitaja.

Sasa nisikilize. Kama Feza ni wa kufukuzwa kwa ajili ya kitu hiki, basi nifukuze na mimi, maana ninacho kama yeye. Na ujue unamfukuza mtu wa namna gani. Unamfukuza mtu ambaye miaka minne hii hajalala usiku mmoja bila kupita kichwani mwake kwenye ile nyumba. Naanzia barazani. Nagusa ile nguzo iliyochimbwa na mchwa. Naingia, nasikia unakohoa nyuma ya pazia, najua uko macho, najua ukisikia hatua zangu utauliza, "Ni nani?" hata kama unajua ni nani. Sisogei zaidi ya hapo, naogopa kuikuta imebadilika. Karatasi zangu hazijatimia, nikitoka kabla ya wakati sitaruhusiwa kurudi kumaliza nilichoanza, kwa hiyo bado miaka miwili. Naihesabu. Mi natafuta njia ya kurudi kwenye nyumba ile kila siku, na wewe umemtoa aliyekuwa tayari ndani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mambo yote ya vichupa.

Utaniuliza dawa. Leo haiko. Nimemuuliza daktari, nimemuuliza profesa, nimeuliza hadi wakanihurumia. Wanatafuta, na hawa samaki wangu ni sehemu ya kutafuta huko, lakini sitakudanganya kwamba itafika kesho. Wanasema Sifa ataendelea kuona mchana kwa miaka kadhaa, ila macho yatakuwa yanajifunga kutoka pembeni, kidogo kidogo, mpaka abaki anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango. Baadaye hata hilo tundu linaweza kufungwa. Si kosa la mtu. Si mkono wa mtu. Kaka na Feza wakizaa mtoto mwingine anaweza kuona vizuri kabisa, na anaweza asione, hilo hakuna anayelijua kabla. Lakini hii miaka ya mchana ndiyo tuliyo nayo. Ndiyo miaka ambayo mtoto anajaza kichwa chake na nyuso za watu wake. Na sasa hivi, mama, anakijaza mbali na baba yake na mbali na wewe. Akija kuwa mtu mzima, akitaka kukukumbuka, atakumbuka nini? Sauti iliyosimama kikaoni. Mimi nisingependa hivyo kwako, maana najua uso wako unavyokuwa ukimwona mjukuu.

Kaka sijamwambia. Feza nimemwambia tu kwamba majibu bado. Huo ndio uongo wangu wa kwanza kwake, na sitaweza kuuvuta muda mrefu. Daktari anataka kichupa kingine cha kaka, nikamjibu kwamba kaka akitaka kujua atatema mwenyewe, na jina lake ataandika mwenyewe. Habari ya kile cha kwanza iko kwangu, kwako, na kwa mzungu mmoja asiyejua Baraka iko upande gani wa ziwa. Haitafika mbali kupitia mdomo wangu. Sitaki uaibike mbele ya watu. Sikuombi uitishe kikao kingine na kusimama kuungama.

Ninachokuomba ni uende. Unajua kuliko mimi jinsi mambo haya yalivyo kwetu: mume hawezi kwenda peke yake kumrudisha mke ambaye mama ndiye aliyesema neno la kumtoa. Watu wa kwa Feza watampa kaka kiti na maji ya kunywa, wataongea habari za mvua, na atarudi kama alivyokwenda. Anayekwenda ni aliyesema. Kwa hiyo si kaka, wala si baba mudogo, wala mchungaji, wala mimi na barua zangu. Ni wewe. Chukua unga, chukua mawese ya nyumba, jifunge kile kitenge nilichokutumia ambacho najua umekificha sandukuni unangoja sikukuu. Ukifika, usitaje Bulaya, usitaje maandishi wala samaki. Usiseme Mauwa amenituma. Kaa kwenye mkeka wao, uwaambie umekuja kuwachukua watoto wako. Feza atalia, mwache alie. Kama watakuweka siku mbili ukingoja jibu, kaa siku hizo mbili. Goti likiuma, watakukanda, na kukandwa na watu ambao umewakosea si kitu kibaya.

Naogopa kukutumia barua hii. Nimeiandika mara tatu, mara mbili nimeichana. Naogopa utanikasirikia, na hasira yako nikiwa huku siwezi kuitengeneza. Ningekuwa nyumbani ningekaa jikoni, nikupasulie kuni bila kusema, hadi wewe mwenyewe uchoke kununa uniulize kama nimekula. Huku sina kuni. Nina karatasi hii tu. Ukinikasirikia, nikasirikie, lakini nenda kwanza.

Nisalimie baba mudogo, mwambie suruali yake sasa ikae mguuni, maji yamekwenda. Nisalimie shangazi anayeuza sombe sokoni, na bamama wa kwaya wote, hasa yule wa sauti ya tatu anayepotea kila mara na kurudi bila aibu. Mama mchungaji umshukuru kwa kubeba bahasha hii bila kuuliza iko na nini. Kaka Wilondja mwambie dada yake anampenda sana, na kwamba moteri za watu zinaweza kungoja siku mbili, awe nanga yako ndani ya mtumbwi, akushike mkono wakati wa kupanda na wa kushuka, kisha abaki nyuma wewe utangulie.

Neno la mwisho. Feza aliniambia Sifa kila siku anakaa ufukweni kuangalia mitumbwi inayoingia. Jua likianza kushuka anamwita mama yake aje amchukue, kwa sababu hapo mitumbwi inapotea machoni pake na inabaki sauti za moteri tu. Mtumbwi wa jioni usiupande, mama, hata wakikuambia uko na nafasi. Panda ule wa asubuhi. Fika jua likiwa bado juu, akuone ukija.

Mwanao anayekulilia,
Mauwa